Soseji na Barakoa

Halmashauri ikikuletea soseji mtaani, kaza mlango wako. Dulcie Brannigan alilijua hilo tangu mwaka ule kiwanda cha asbesto kilipogawa mabaki yake bure, watu wa magharibi ya Melbourne wakajazie njia za magari majumbani mwao. Siku ile nayo zilichomwa soseji. Mumewe, Len, alisukuma matoroli ya mabaki hayo, vumbi likimtimkia, huku akipiga mluzi. Miaka mingi baadaye mapafu yake yakageuka jiwe, akafa akiitafuta pumzi.

Leo soseji zilichomwa mwisho wa mtaa wao, kwa mkate na vitunguu. Mhandisi Tristan, kijana wa halmashauri mwenye fulana ya kung'aa, alitaka wakazi wanyooshe mikono kukubali: barabara yao ing'olewe, chini ya lami litandazwe zege lililopondwa, likichanganywa na barakoa za korona zilizokatwakatwa.

"Zimetoka vinywani mwa nani?" Dulcie aliuliza.

"Zimechemshwa, bibi, kijidudu hakibaki. Badala ya kuzifukia jalalani, zinaishika barabara isipasuke."

"Na kule kwa matajiri, ng'ambo ya mto, barabara hazipasuki?"

"We Dulcie, mwache mtoto wa watu!" Jirani yake Zammit alicheka, mdomo umejaa. "Wewe hata gurudumu lilipovumbuliwa ungelikataa."

"Kula, Zammit. Ndivyo unavyonunuliwa, na haradali juu."

Kicheko kikapasuka. Mikono ikaanza kunyooka, wa Zammit mbele. Tristan, kwa furaha, akaburuta gunia la mfano wa mchanganyiko huo awaonyeshe. Kabla ya kulifungua akavaa glavu, kisha kinyago cha mpira chenye vichujio viwili mashavuni, akakikaza kisogoni.

"Hicho cha nini?" Dulcie aliuliza.

Akakishusha kidogo. "Kanuni za kazi tu. Si kwa ajili ya barakoa, bibi, hizo salama. Ni vumbi la zege."

Zammit akaacha kutafuna. Yale matoroli ya asbesto aliyasukuma pamoja na Len. Akaushusha mkono, na mingine ikafuata.

Tristan alijitetea: vumbi likimwagiwa maji na kushindiliwa halitimki. Huenda ni kweli. Hata wale wa kiwanda walieleza vizuri hivyo hivyo. Mikono haikurudi juu, akalipakia gunia lake.

Dulcie alimfuata hadi garini. "Sasa zege hilo mnalipeleka mtaa gani?"

"Sijui, bibi. Wakubwa wataamua."

"Unajua."

Kijana akawasha gari. Dulcie akamgeukia Zammit. "Futa mikono, tumfuate. Gari lako lina mafuta?"