Siku Isidori Aliyoisikia Nadhiri

Basi la Moshi lilikuwa linaondoka saa nane, na saa saba ilikwisha kupita. Katekista Kasmir aliketi chumbani kwa Isidori, hapo Kariakoo, tiketi mkononi, akingoja Blandina avishwe viatu.

Mtoto alikuwa na miaka sita. Miaka miwili nyuma homa ilipotaka kumwua, mama yake, Winifrida, alimwekea Mungu nadhiri: akipona, nitampeleka kwa masista Kilimanjaro, awe wako. Akapona. Winifrida akapanga yote na Kasmir kimyakimya, na mumewe, Isidori, akaambiwa asubuhi hiyo tu, sanduku likiwa limeshafungwa.

Kasmir alishtuka kusikia hivyo. "Baba Blandina, kumbe hukujua? Sheria ya Musa inampa mume ruhusa. Siku ile ile anapoisikia nadhiri ya mkewe, anaweza kuitangua, na Mungu hamdai mtu. Akinyamaza, imesimama. Sasa niambie mbele ya Mungu, uliisikia lini?"

Winifrida aliacha kamba ya kiatu. Macho yake yalimsihi mumewe: sema leo.

Neno moja tu, na mtoto anabaki. Lakini Isidori aliisikia siku ile ile ilipowekwa. Alikuwa ametoka kazini, karakana ya reli mtaa wa Gerezani, akajilaza nyuma ya pazia, mtu mzima kajifunika shuka gubigubi, akisikia kila neno. Hata kukohoa hakukohoa. Tena, aibu iliyoje, moyoni alishukuru kwamba mwingine ameahidi kwa niaba yake.

Sasa alifungua kinywa aseme "leo", akamwona Blandina akichezea kitasa cha sanduku. Je, Mungu akidanganywa, atamdai nani?

"Mwalimu, na aliyesikia zamani akanyamaza, halafu akaja kuitangua?"

"Huyo amechelewa. Akiitangua, hatia ya mkewe ya kuivunja inakuwa yake."

"Yake peke yake? Haimgusi mtoto?"

"Haimgusi mtoto wala mama. Ataibeba yeye."

"Basi niliisikia siku ile ile ilipowekwa," Isidori alisema. "Nilikuwa macho nyuma ya pazia. Naitangua leo. Blandina haendi."

Kasmir alisimama. "Unajua unachojitwisha, baba?"

"Sijui. Naogopa sana. Lakini haendi."

Katekista alitoka bila kuaga. Isidori alimgeukia mkewe, akidhani atakumbatiwa.

"Miaka miwili," Winifrida alisema polepole. "Kila akikohoa, najua Mungu ananikumbusha. Kila akinichekea, najifunza kumkosa. Sikuwa na wa kumwambia. Na wewe ulikuwa unajua?"

"Mama Blandina..."

"Ulikuwa unajua!"

Akamvua mtoto kile kiatu kimoja, akambeba, akatoka naye uani bila kumtazama mumewe.