Jenereta ya Makelele

Umeme wa mtaani kwetu hauna adabu, unaondoka bila kuaga. Nimefika katikati ya kusuka kichwa cha mteja, feni inazunguka, redio inaimba, halafu pu! Kimya. Mimi ni msusi, nimeshazoea kusuka kwa kupapasa, na mdomo wangu hauhitaji umeme. Kwa hiyo msidhani nilitafuta jenereta kwa ajili yangu. Niliitafuta kwa ajili ya Baba.

Baba alikuwa mwendesha mashine ya kusaga nafaka. Utoto wetu wote alirudi nyumbani mweupe kuanzia nyusi hadi viatu, na Mama alimkung'uta mlangoni kabla hajamruhusu kuingia. Sasa Mama hayupo, mashine ile iliuzwa kama chuma chakavu, na Baba mwenyewe ameanza kwenda zake kidogo kidogo huku amekaa palepale, kwenye kiti cha dirishani. Daktari alitupa jina la ugonjwa. Nikamwambia jina la nini, nipe dawa. Akanitazama kwa huruma, nikachukia zaidi.

Mchana hakuwa na shida. Jua likiingia dirishani vumbi linaelea kwenye mwanga, naye analifuata kwa macho, anatabasamu, mara nyingine ananyoosha kiganja alipokee. Nikikaa karibu naye muda mrefu, na mimi naanza kuona unga unashuka taratibu humo chumbani, unatua mezani, unatua kwenye mikono yetu. Saa zinapita na hakuna anayeziuliza zinakwenda wapi. Lakini umeme ukikatika jioni, mambo yanageuka. Giza lilimtisha. Alishika ukuta akaita watu waliokwisha kufa, mmoja mmoja, akiwaomba wamfungulie. Mishumaa haikusaidia, vivuli vyake vilimtisha kuliko giza lenyewe.

Na kulikuwa na jambo jingine, hilo ndilo lililonitafuna. Asubuhi moja nilimpelekea chai. Akainuka kwenye kiti, akainamisha kichwa kidogo, akaniambia, "Shikamoo, mama."

Baba yangu. Shikamoo. Kwangu mimi! Nani ana ulimi wa kumwitikia baba yake marahaba? Niliweka kikombe nikaenda bafuni, nikafungulia maji, nikalia humo ili asinisikie. Tangu siku ile nilikuwa na ombi moja, na sikumficha Mungu wala majirani: anijue tena kuwa mimi ni mwanawe, hata mara moja tu. Mengine potelea mbali.

Kaka yangu ndiye aliyesema tununue jenereta. Ni mhasibu, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, na tunamwita Bosi kwa sababu tangu utotoni hakuwahi kubeba ndoo bila kuteua wasaidizi. Ana roho nzuri. Ila akishaamua jambo, haambiliki hasemezeki, na ubaya ni kwamba na mimi ni hivyohivyo. Tumenyonya ziwa moja.

Tulikwenda dukani watatu, maana Baba hatukuwa na wa kumwachia. Duka lilikuwa refu, lenye ubaridi na mwanga hafifu, linanuka mpira mpya na oili. Jenereta zilipangwa sakafuni, nyekundu, njano, buluu, na Baba akapita katikati yake mikono nyuma, kama mgeni rasmi anayekagua gwaride.

Muuzaji alikuwa mwanamke mnene, miwani imening'inia kifuani. "Mnataka iwashe nini?" akauliza.

"Taa zote, friji, feni ya mzee na televisheni," akasema Bosi.

"Pasi? Jiko la umeme?"

"Hapana."

"Basi msinunue dubwana, mtalilisha mafuta bure. Ila friji ikianza kuwaka inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, kwa hiyo msinunue na ya kujibana. Acheni nafasi." Akatupeleka kwenye moja ya buluu, imefunikwa pande zote, na kwa nje ilikuwa nzuri kuliko sanduku langu la harusi. "Hii ya kisasa. Ukiiwasha inatulia kama maji mtungini. Inakula kidogo, na umeme wake hauchezi, hauwaunguzii vyombo."

Akaisukuma hadi uwanja wa nyuma, kwa sababu jenereta ina moshi, haiwashwi ndani hata kwa kujaribu, akabonyeza kitufe. Ikavuma kidogo kwa mbali. Bosi akatabasamu. "Hii hapa. Tumemaliza."

Baba alikuwa anaangalia mawingu.

"Na ile?" nikauliza. Sababu sikuwa nayo, ni ubishi wangu tu. Ilikuwa kwenye kona, mabomba matupu na injini nje nje, ya kuvuta kamba.

"Ile ni ngumu, haifi upesi, na fundi yeyote anaiweza. Lakini kelele zake, dada yangu! Majirani watakuhamisha."

"Hebu iwashe."

"Wewe naye," Bosi akaguna.

Muuzaji akavuta kamba. Ikakohoa. Akavuta tena, uwanja wote ukatetemeka, njiwa wakaruka juu ya bati.

Baba akasimama wima. Sijawahi kuona mgongo wa mzee ukinyooka vile. Akaiendea ile mashine, akainama akategesha sikio, akaweka kiganja kwenye bomba, akafumba macho. Nilimwona akirudi kutoka huko alikokuwa, polepole, bila haraka, kama mtu aliyelala vizuri. Alipofumbua macho alinitazama mimi. Si ukuta ulio nyuma yangu. Mimi.

"Wewe ndiye mpya?" akapaza sauti juu ya mngurumo. "Funga hiyo skafu vizuri. Mkanda wa mashine hauna huruma."

Nilifunga skafu. Niliifunga mara mbili, mimi ninayefunga vitambaa kutwa nzima.

"Tunachukua hii," nikasema.

"Umerukwa na akili?" Bosi akang'aka.

"Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na nywele ndiyo kazi yangu."

"Watu watalala vipi?"

"Kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi."

"Huo si mlango, ni kiwanda! Na jirani si mwenye nyumba!"

"Kaka," nikamwambia, "Baba amezungumza na mimi. Ameniangalia usoni. Umeona au hukuona?"

Akamtazama Baba, ambaye alikuwa anafuta vumbi lisilokuwepo kwenye tangi la mafuta. "Hakukujua, mdogo wangu," akasema taratibu. "Amekudhania kibarua."

"Heri kibarua kuliko mama wa kupewa shikamoo."

Bosi alilipa shingo upande.

Fundi umeme akatufungia swichi ya kuchagua, umeme wa mtaani au wa jenereta, ili visikutane vikatuunguzia nyumba. Mashine yenyewe tukaiweka uani kwa nyuma, mbali na madirisha, chini ya kibanda cha bati. Jirani wa kushoto alikuja kulalamika siku ya kwanza. Nikamkalisha, nikamsuka bure, akaondoka akisema kelele zenyewe mbona si mbaya.

Sasa nisikilizeni maajabu. Mtaa mzima ulilaani umeme ukikatika. Mimi nikawa naungoja ukatike. Jua likikaribia kuzama natega sikio, friji ikinyamaza tu nimeshainuka. Kabla hofu haijamkamata Baba namshika kiwiko, tunatoka uani, navuta kamba. Nyumba yote inawaka taa na sisi tunabaki nje kwenye mwanga ule wa kijivu, harufu ya petroli, wadudu wakizunguka balbu ya kibandani. Alinifundisha kupima oili. Alinifundisha kutotia mafuta injini ikiwa ya moto, na kusikiliza kama inapumua au inahema. "Mashine haisemi uongo," alikuwa akiniambia, "ila inanung'unika." Nikacheka, nikamwambia basi ni mwanamke mwenzangu.

Pale uani wakati ulipoteza mpangilio. Wateja walikuja na magunia ambayo mimi siyaoni, Baba akawaamkia, akawatania, akanipigia kelele niwapishe njia. Nilipisha. Baada ya jioni kadhaa nikaanza na mimi kuwaitikia, nikishika hata upande wa gunia. Mara moja niliingia ndani nikajikuta najipangusa nyusi mlangoni. Kitambaa kilikuwa safi, lakini kwa sekunde chache nilisita kukikunja.

Binadamu hatosheki lakini. Nilitaka baba nikapewa msimamizi wa kazi. Aliniita "kijana," aliniita "wewe mpya," aliniambia nina mikono myepesi na nitafika mbali. Nilifurahi, na papo hapo nikaumia. Mashine ikizimwa anarudi kwenye kiti chake, na asubuhi mimi ni mgeni tena, ananiuliza kwa upole kama namfahamu mwenye nyumba.

Jumamosi moja Bosi alikuja kutusalimia. Umeme ulikuwa umekatika tangu alasiri, tuko uani, Baba ananieleza namna ya kulegeza mkanda ambao jenereta ile haikuwa nao. Giza lilikuwa linaanza kuingia. Bosi akatokeza mlango wa nyuma.

"Umeme umerudi! Taa ya barabarani inawaka. Zimeni hilo dude tupumue!"

Nikanyoosha mkono kwenye swichi. Baba akanidaka kifundo, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Unafanya nini?"

"Kazi imeisha, mzee."

"Haijaisha. Binti yangu hajaja."

"Binti yako?"

"Akitoka shule anapita kunichukua." Uso wake ulikunjuka wote. "Utamsikia. Anaanza kupayuka tangu getini, hata mashine haimfunikii sauti. Watu wananiambia, mtoto wako ana mdomo yule, mnyamazishe. Nawaambia mwacheni. Siku nzima nasikia chuma, chuma, chuma. Halafu namsikia yeye. Nikimsikia ndiyo najua nimemaliza kazi, naweza kwenda kwetu."

Ni kweli, nilikuwa nampitia. Nakumbuka sare yangu ya shule, na unga uliolala kwenye majani ya ua. Ila miaka yote nilidhani ananivumilia. Hakuna aliyewahi kuniambia kuwa nasubiriwa.

"Na asipokuja leo?" nikauliza.

"Haijawahi kutokea." Akaniachia mkono. "Mashine haizimwi mpaka aje."

"Mnangoja nini?" Bosi akapiga kelele. "Mafuta hayo yanaungua bure!"

"Kaa kimya, Bosi! Leo tu, kwa jina la Mungu, kaa kimya!"

Nilivua aproni. Nilifungua skafu. Nikapita ubavuni mwa nyumba, karibu na tangi la maji, nikatoka getini hadi barabarani. Taa za mtaa zilikuwa zimewaka, za njano, na kila mtu alikuwa ndani na televisheni yake. Nikasimama pale nikishika ukuta. Je, kama nikiingia atanitazama tu na kuniamkia? Basi, potelea mbali. Nikasukuma geti, mimi mama mzima mwenye mvi za kupaka rangi, nikajaza mapafu.

"Baba! Baba weee! Baba, mwalimu leo kanionea! Kanipiga na sijafanya kitu, wallahi, aliyecheka ni yule wa mbele yangu! Baba!"

Dirisha la jirani likafunguka. Acha lifunguke! Nikazidi kupayuka, nikipita ubavuni mwa nyumba, machozi yananiingia mdomoni, hadi nilipotokea uani.

Baba alikuwa amegeuza kichwa. Anacheka. "Huyo," akamwambia yule kijana wake mpya, pale nilipokuwa nimesimama mimi na sasa hapana mtu. "Si nilikwambia?" Akainama akazima mashine kwa mkono wake mwenyewe.

Kimya kilitumwagikia wote. Akanijia polepole, akanishika shavu kwa kiganja kinachonuka petroli.

"Umechelewa leo, mwanangu."

"Nisamehe, Baba. Nilizunguka mbali."

"Umekuja. Basi." Akanipa mkono niushike. "Twende kwetu."

Mlango wa nyuma ulikuwa hapohapo, umefunguliwa. Nikautazama nikauogopa. Humo ndani kuna kile kiti na lile dirisha, na mimi humo ni mgeni. Nikamgeuza Baba upande wa pili, tukashika njia ndefu, tukapita kamba za nguo, tukapita tangi, tukapita mbele ya geti, na muda wote nikimweleza habari za yule mwalimu, uongo mtupu, naye akisema, "Ehe? Ehe? Ukamjibuje?" Tukaufikia mlango wa mbele tukaupita. Tukapita tena uani. Miguu yake ilikuwa myepesi, na mkono wake ulikuwa na joto.

Mara ya pili tulimkuta Bosi amesimama ngazini kwa mbele, tai imelegea, anatutazama.

"Sasa nyinyi mnakwenda wapi?"

"Nyumbani," Baba akamjibu, kwa heshima ile anayopewa mtu usiyemjua. "Binti yangu amekuja kunichukua. Na wewe, bwana, unamngoja nani?"

Kaka yangu akateremka ngazi, akaja upande wa pili wa Baba, akaomba kumshika mkono uliobaki. Baba akampa. Tukaanza kuzunguka nyumba upya, wote watatu.