Wimbo Uliokosa Pumzi

"Usinitolee macho. Umeubana wimbo mpaka umekosa pumzi," mama alisema.

"Nimepandisha sauti tu. Wenzangu wote wanapandisha."

"Wenzako wananyolewa, na wewe umeshakimbilia kiti cha kinyozi."

Kengele hakucheka. Jina hilo alipewa uchangani kwa sababu ya kilio chake, na sasa alikuwa mtu mzima na ndevu zake, anagombea kitufe cha sauti na mama yake katika chumba cha kurekodia chenye magodoro ukutani. Wimbo ulisubiriwa redioni alasiri hiyo. Ule uliotangulia mama aliutengeneza kwa upole. Ukapigwa harusini baada ya nyimbo zinazonguruma, watu wakarudi vitini. Kengele alikuwa mlangoni, anawaona. Akaapa hatatoa tena wimbo mnyonge.

Mama alilijua hilo. Ndiyo maana alikuwa hajamfukuza.

"Haya, sikia mwenyewe." Wimbo ulikuwa mmoja, kila mtu kausafisha kivyake; Kengele akaupiga kwanza wa mama, kisha wake. Wake ukajaa chumba kizima. "Umeona? Wako unasinzia."

"Unapima mizani huku umeikandamiza kwa kidole." Mama akaushusha ule wa mwanawe mpaka zote mbili zikalingana nguvu. "Fumba macho. Nitazipiga moja baada ya nyingine, wala sikwambii upi ni upi."

Pembeni, dada mtu, aliyeipiga ngoma ya wimbo huo, akaacha kumenya chungwa.

Ulianza mnong'ono, kama mtu anakusemesha sikioni. Ngoma ikaingia, kiitikio kikafunguka, na Kengele akajikuta anatikisa kichwa. Kisha ukaja wa pili: mnong'ono na kiitikio vina nguvu moja, na ngoma inalia kama mtu anapiga mto.

"Hiyo ngoma ya pili kapiga nani?" dada aliuliza. "Maana mimi sikuvaa soksi mikononi."

Kengele alifumbua macho. "Wa pili ni wangu."

"Ni wako," mama alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Vya chini umevipandisha, vya juu umevikandamiza. Kila kitu kikiwa juu, hakuna kilicho juu. Hata ukinong'ona unafoka, mwanangu."

"Na wakirudi tena vitini?"

Mama hakumdanganya. "Wanaweza kurudi. Lakini sauti ndogo, anayeupiga wimbo ataiongeza kwa mkono wake. Ulichokwisha kukiponda, hakuna kitufe cha kukirudisha."

Kengele akautazama mgongo wa kiti cha mama. Dada yake akamkatia kipande cha chungwa, hakukipokea.

"Mama, nipishe."

Mama akainuka. Kengele akaketi, akaufuta ule aliousafisha yeye, akaambatisha wa mama na kumwandikia mtangazaji: "Ongeza sauti mwenyewe, nafasi nimekuachia." Akatuma.