Nusu ya Uso

Palikuwa na kinyozi ambaye wateja walimwita Mwepesi kwa sababu ya mkono wake. Watu wazima walisinzia kwenye kiti chake huku wembe ukipita shingoni, wakaamka wamekwisha kunyolewa, wakajipapasa mashavu kama walioamka katika ndoto nzuri. Yeye mwenyewe hakuwa na raha. Tangu mvua zilipokatika, kuna siku macho yalikuwa yanamtoroka.

Yalianza kwa nukta ndogo inayometameta, mfano wa jua likipiga kwenye kipande cha chupa, katikati kabisa ya kile anachokitazama. Nukta ilitanuka ikawa upinde wenye meno kama ya msumeno, na ndani ya ule upinde hapakuwa na kitu. Si giza, hapakuwa na kitu tu. Akimtazama mteja, upande mmoja wa uso haupo. Baadaye upinde ulijiondokea wenyewe, ndipo msumari ulipoanza kupigiliwa nyuma ya jicho, pigo kwa pigo na moyo wake, na harufu ya spiriti iliyomlisha miaka yote ikampindua tumbo.

Hakumwambia mtu. Nani atampa shingo kinyozi asiyeona? Fundi mwenzake wa kiti cha pili, waliyemwita Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia, angeyatangaza mtaa mzima kabla ya adhuhuri. Basi Mwepesi akawa ananunua vidonge vya maumivu na kuvitafuna kama karanga: asubuhi kabla ya kufungua, mchana badala ya chakula, jioni kwa tahadhari. Mwanzoni vilimsaidia. Kisha vikaacha, na kichwa kilichokuwa kikimuuma mara mojamoja sasa kilikuwa hakimwachi.

Hata hivyo, maumivu siyo yaliyomtisha zaidi. Baba yake alianguka ghafla akiwa ameinama kufunga viatu, mshipa umepasuka kichwani, hakuamka tena. Mwepesi alikuwa anaukaribia umri ule ule. Kila nukta ilipowaka alijiambia kwamba leo ndiyo leo. Alianza kufunga viatu vyake akiwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, ili akianguka asianguke mbali.

Mkewe, fundi cherehani aliyeshonea sebuleni, aliona. Aliona mapazia yakishushwa mchana kweupe, na watoto wakikaripiwa kwa kugongesha kijiko tu. Siku moja alimwambia kwamba kama ni mwanamke mwingine, basi huyo mwanamke hajui kulisha mume. Mwepesi akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akasema ni uchovu. Mkewe hakuamini, akarudi kwenye cherehani yake.

Mjomba wake, mdogo wa mama yake, alikuwa dereva wa lori aliyestaafu. Alikuwa na masharubu aliyoyatunza kuliko alivyowahi kulitunza lori lenyewe. Kila wiki alikuja kunyolewa kwa wembe, kwani mashine, alisema, ni ya kondoo. Alizungumza hata wembe ukiwa juu ya mdomo, na kazi ya Mwepesi ilikuwa kuvizia koma.

Siku hiyo povu lilikwisha kupakwa, shavu la kulia lilikwisha kusafishwa, na mjomba alikuwa katikati ya kisa cha daraja lililobomoka, nukta ilipowaka.

Mwepesi alijiambia kwamba shingo hii anaijua hata akifumba macho. Akageuza kichwa kidogo, amtazame kwa pembe ya jicho. Upinde ukatanuka. Sikio la mjomba likatoweka, kisha shavu, kisha nusu ya masharubu. Wembe ulikuwa chini ya taya, na taya halikuwepo. Jasho likamtoka mgongoni. Kuacha ni kujitangaza, kuendelea ni Mungu ndiye anayejua. Akiwa bado anawaza, mkono wake ukafanya kitu ambacho haukuwahi kufanya tangu aushike wembe: ulitetemeka.

Mjomba akanyamaza. Kimya hicho kilikuwa kigeni kiasi kwamba Redio alizima mashine yake na kugeuka. Damu ilichora uzi mwembamba juu ya povu.

"Weka chini huo wembe," mjomba alisema taratibu.

Akauweka.

"Una nini?"

"Sikuoni, mjomba. Nakuona nusu."

Mjomba alijikandamiza taulo shingoni. Mwepesi alisubiri matusi, maana mzee yule hakuwa bahili wa matusi. Badala yake aliulizwa kama anaona nuru yenye meno. Akakaa kwenye benchi la wateja. Meno hayo hakuwahi kumtajia mtu yeyote.

"Mama yako ndivyo alivyokuwa akiniambia," mjomba alisema. "Kwanza meno, halafu kichwa. Kipandauso hicho. Kwani ulidhani alikuwa akijifungia chumbani kwa nini?"

Jibu Mwepesi alikuwa nalo, na lilimwaibisha. Alidhani mama alikuwa mtu wa kununa. Nyumba nzima ilidhani hivyo. Kuna siku mlango ulifungwa, mama yuko ndani na kitambaa kimekazwa kichwani, na watoto wanatembea kwa ncha za vidole huku kila mmoja akijiuliza kamkosea nini. Alikuwa amekua na ile hasira ndogo ya mtoto aliyefungiwa mlango. Na mama huyo huyo aliishi hadi uzeeni, akafa kwa kifua, akili timamu, akiyacheka masharubu ya mdogo wake hadi wiki ya mwisho. Kichwa hakikumuua.

Mjomba alimwonya asianze kushangilia. Yeye ni dereva, si daktari, na marehemu baba naye ana sehemu yake katika kichwa hicho. Aende akapimwe.

Nyumbani, Mwepesi alimweleza mkewe yote, hata habari ya viatu. Mkewe aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani.

"Kinyozi hajinyoi," alisema mwishowe. "Ungenipa hicho kichwa nikushikie."

Asubuhi walikaa kwenye benchi la hospitali chini ya taa iliyokuwa ikipepesa. Mara mbili Mwepesi aliinuka kuondoka, mara mbili mkewe akamshika mkono wa shati. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alimmulika machoni, akampima presha, akamtembeza kwenye mstari wa vigae, akamwambia amsukume viganja. Aliuliza habari za mama, kisha za baba. Alipouliza vidonge, Mwepesi alitaja kiasi cha mtu mwenye haya. Mkewe akakohoa. Ndipo Mwepesi akataja kiasi cha kweli.

Kwa ajili ya habari za baba, daktari alitaka picha ya kichwa. Kusubiri majibu kulikuwa kubaya kuliko kichwa chenyewe. Mwepesi alijipima kila saa: anyooshe mkono huu, anyooshe ule, ataje majina ya wanawe kwa sauti asikie kama ulimi umekuwa mzito. Picha ikarudi safi.

"Ni kipandauso," daktari alisema. "Ila hivi vidonge vilikuja kwako kama mgeni, sasa vimekuwa wenye nyumba. Vyenyewe ndivyo vinavyokuuma kila siku. Utaviacha, na kabla hujapata nafuu utazidiwa kidogo."

Alimpa dawa ya kunywa kila jioni ili kuzuia, na nyingine ya kumeza mara tu maumivu yanapoanza, si baada ya kujikaza. Ale kwa wakati, alale kwa wakati. Akilegea upande mmoja, au kichwa kikimpasuka ghafla kuliko alivyowahi kuumwa, aje mbio.

Huko kuzidiwa hakukuwa kidogo. Alilala chumba cha giza na beseni kando yake. Mkewe alihamishia cherehani kwenye baraza ya jirani ili kelele zisimfikie. Siku mbaya kuliko zote, Mwepesi alimwita na kumwomba awaambie watoto kwa nini mlango umefungwa. Baba anaumwa, hajanuna. Mkewe akawaambia, na mdogo wao akawa anapita mlangoni akinong'ona pole.

Kisha ikaja asubuhi moja aliyoamka akasubiri maumivu, na maumivu hayakuja. Alibaki kitandani bila kusogea, akiogopa kuyaamsha.

Kazini aliwaambia wateja mwenyewe, kabla Redio hajaipamba habari. Wengine walihamia kiti cha pili bila kumtazama usoni. Wengi walibaki, na mjomba akiwa wa kwanza, kola wazi, akidai amalizie kisa cha daraja.

Nukta haikuisha, ila ilikuja kwa nadra. Ilipowaka tena, alikuwa amemshika mwalimu mmoja kidevu. Moyo ulimruka kama zamani. Aliuweka wembe mezani, akamwomba mwalimu radhi, akaenda nyuma ya pazia kulikokuwa na mkeka. Alinyoosha mkono huu, akanyoosha ule, akayataja majina ya wanawe. Msumari ulipogusa tu nyuma ya jicho, akameza dawa, akajifunika kitambaa chenye maji.

Upande wa pili wa pazia alimsikia Redio akimkaribisha mwalimu kiti cha pili. Mwalimu akasema hana haraka, atasubiri.