Kurasa Hamsini na Saba

Waziri wa ujenzi hakutuma tarishi. Alishuka mwenyewe hadi masjala, chumba cha chini kabisa cha wizara, faili la daraja kwapani, wapambe wake akawaacha mlangoni wakitazamana. Ndani ya koti alikuwa na ukurasa wa thelathini na moja wa faili hilohilo, aliounyofoa mwenyewe asubuhi ile. Ulikuwa barua ya mhandisi: nguzo zina nyufa, kazi isimame. Chini yake, kwa mwandiko wa waziri, neno moja tu: Endeleeni. Kazi ikaendelea, daraja likaanguka, watu tisa wakafa. Kesho saa nne kamati ya uchunguzi ingelifungua faili hilo.

Na mtu huyu, usishangae, alianzia humuhumu, katikati ya makabati ya chuma. Zamani alikuwa karani wa masjala, mbishi kupindukia, na ndiye aliyeanzisha kadi: faili likitoka, kurasa zinahesabiwa na anayelichukua anatia sahihi, likirudi, zinahesabiwa tena. Wakubwa walimcheka, wakambandika jina la Bwana Kurasa. Kicheko kiliwakauka siku kadi yake ilipomuumbua katibu mkuu mmoja, aliyenyofoa barua kisha akamsingizia karani. Magazeti yakampamba, chama kikamnyakua, naye tangu hapo hakupanda jukwaani bila kusema, "Mimi sijawahi kukosea kuhesabu." Watu walikuwa wakimsubiri afike hapo ndipo wapige makofi.

Mkuu wa masjala alisimama alipomwona. Waziri mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, akiwa binti aliyetoka shule juzi, na tangu hapo wakaitana kaka na dada.

"Shikamoo kaka. Samahani, Mheshimiwa."

"Marahaba. Kaka inatosha, mdogo wangu. Nimekurudishia faili."

Akamsogezea kadi. Kazi ilikuwa nyepesi: aandike hamsini na nane kama lilivyotoka, aage, ajiondokee. Nani angethubutu kumhesabia waziri?

"Wifi hajambo?" dada akauliza.

"Hajambo, anakusalimu."

Na huku akijibu, kidole gumba kilikuwa kikipita pembeni mwa kurasa kama kilivyopita miaka kumi na minne ya ukarani, midomo ikimchezacheza. Akaandika, akatia sahihi, akarudisha kadi. Dada akaisoma, akaisoma tena.

"Kaka, ulitoka na hamsini na nane."

Waziri akainama kutazama. Hamsini na saba, mwandiko safi kabisa. Mkono wake ulikuwa umesema kweli bila kumuuliza.

"Lete nirekebishe."

"Kadi haifutwi. Ulinifundisha wewe." Dada akaivuta kadi upande wake. "Ukurasa uko wapi?"

"Ukurasa gani?"

"Kaka, nimebakiza miezi minne nistaafu. Usipoonekana watasema nimeuficha mimi. Mama yangu hainuki kitandani. Nikifungwa, nani atamgeuza?"

Waziri aligeukia mlango. Alitoka mbiombio, kijasho chembamba kikimtiririka, na tusimpambe, alikuwa anakimbia kama mwizi wa kuku.

Nyumbani alijaribu kuuchoma. Aliwasha kiberiti mara tatu pale jikoni, mara tatu akakizima.

"Choma tumalize," mkewe akamwambia.

"Huu ni waraka wa serikali," akajibu, na mwenyewe akajisikia mpumbavu. Aliukunja, akaurudisha kotini.

Siku ya pili, saa nne kamili, mwenyekiti wa kamati aliinua kadi. Yeye na waziri walikuwa chama kimoja, na walikuwa wamezungumza kwa simu asubuhi.

"Mheshimiwa, hapa umeandika hamsini na saba. Sote ni binadamu. Huenda ulikosea kuhesabu?"

Hapo amefunguliwa mlango. Akisema tu "nilikosea", basi kurasa zilirudi zote, na uliopotea umepotelea masjala. Askari wawili walikuwa wameshasogea nyuma ya kiti cha dada.

Waziri alitaka kulisema. Alilitaka kwa roho yake yote, maana jela aliiogopa kuliko kifo. "Nili..." akaanza. Dada aliinua uso. Hakumlaani wala hakumlilia. Alimtazama tu, kama siku ile ya kwanza kazini alipokuwa akisubiri kuelekezwa.

"Sikukosea," waziri akasema. "Mimi sijawahi kukosea kuhesabu."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti alifumba macho. Waziri akaingiza mkono kotini, akautoa ukurasa, akaunyoosha mezani kwa kiganja mpaka mikunjo ikalala, kisha akamsogezea dada.

"Thelathini na moja. Urudishe mahali pake, halafu ujaze kadi."

Dada alifuta macho, akaupachika ukurasa, akaanza kuhesabu upya, mmoja mmoja, chumba kizima kikimsubiri. Akaandika hamsini na nane, na kumpa kaka yake kalamu atie sahihi.