Kulisha Maji

Tangi la samaki lilifika Kolwezi wakati viti vya kilio vilikuwa vimekwisha kurudishwa parokiani. Dereva wa lori la mizigo alisimama getini na sanduku pana la kartoni, akasoma jina lililoandikwa juu yake.

"Tata Hénock Ngoy eko?"

"Hayuko," Naomie akajibu.

"Atarudia saa ngapi?"

"Hatarudia."

Dereva alidhani mwenye nyumba amesafiri. Akamwomba ashike upande mmoja, maana ndani kulikuwa na kioo, na Naomie akashika. Hakumweleza zaidi. Hénock, mume wake, alikuwa amezikwa Jumamosi. Malaria ilimpanda kichwani, na ndugu zake wa Lubudi walipoteremka kwenye gari walimkuta amekwisha kwenda. Naomie hakulia hospitalini, hakulia makaburini. Wanawake wa kanisa walinong'ona juu yake, naye aliwasikia vizuri, lakini ilikuwa kama wanamsema mtu mwingine.

Jioni ile Jeancy, muuza samaki wa Lubumbashi ambaye Hénock alimwagizia tangi, alipiga simu kuuliza kama kioo kimefika kizima. Aliposikia habari ya kifo alitoa pole, akasema wanaweza kulirudisha tangi.

"Hapana," Naomie akasema. "Uniambie tu minafanya namna gani."

"Basi, madame, samaki ni ya mwisho. Kwanza maji. Maji inafaa ikae, izoee. Ukienda mbio, bote batakufa."

Akaanza kuosha mchanga wa tangi. Kila akitoka kazini, kwenye duka la dawa, alibadili nguo, akapiga magoti uani na beseni. Alimwaga maji machafu, akatia mengine, akakoroga kwa mkono hadi vidole vikafa ganzi. Mama Agnès, mama yake Hénock, ndiye pekee wa familia aliyebaki baada ya kilio. Alikaa kwenye kiti kifupi akichambua maharage, akimtazama mkwe wake bila kuuliza kitu.

Mchanga ulipotakata, Naomie aliuweka ndani ya tangi sebuleni, mahali Hénock alipokuwa amekwisha kupima ukutani kwa penseli. Maji ya bomba aliyaacha kwanza kwenye mapipa wazi ili klorini yake itoke, ndipo akayamimina ndani. Akaiunganisha pampu ya chujio. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Kila uliporudi aliinuka kuhakikisha pampu inazunguka. Na kwa kuwa Jeancy alisema maji yanahitaji uchafu kidogo ili vijidudu vizuri viote kwenye chujio, kila jioni alinyunyiza chakula cha samaki ndani ya tangi lisilo na samaki.

"Unalisha nani?" mama Agnès akauliza hatimaye.

"Maji, mama."

Yule mzee alitikisa kichwa, akarudi kwenye maharage yake.

Siku zikapita hivyo. Maji yalikuwa na ukungu, kisha yakaanza kung'aa. Naomie alikula akiwekewa chakula, alilala taa ikizimwa.

Jioni moja alirudi akakuta jiwe la kijani juu ya mchanga ndani ya tangi. Alilijua. Hénock aliliokota zamani karibu na machimbo ya mukuba, yaani shaba, akalisugua, akaliweka kando ya televisheni. Ndani ya maji lilionekana zuri kuliko lilivyopata kuwa. Akalipiga picha, akamtumia Jeancy. Simu ikaita papo hapo, akaiweka kwenye spika.

"Madame, toa ile dibwe! Iko na mukuba. Mukuba ikiingia mu maji, samaki haiponi. Mwaga maji yote, safisha mchanga, anza upya."

Mama Agnès alikuwa amesimama mlangoni, amesikia kila neno.

"Ni mi njo niliweka," akasema. "Nilitaka kitu ya mwana wangu ikuwe mule."

Naomie alikunja mkono wa blauzi, akalitoa jiwe, akalifuta kwa kanga yake, akampa. Kisha akaleta ndoo. Hakukasirika. Alitafuta hasira kidogo, kama mtu anayepapasa mfuko, hakuikuta. Akaanza kuchota.

Mama mkwe akaketi chini, jiwe mapajani, akalia kwa sauti. Naomie aliendelea kuchota mpaka ndoo ikajaa, ndipo akakaa sakafuni karibu naye.

"Bantu banasema haulie," mama Agnès akasema alipopata pumzi. "Mi sijasema."

"Minajua, mama."

"Unasikia nini mu roho?"

Naomie alifikiri kwa kweli, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo. "Sisikie kitu. Minaosha mchanga tu."

Yule mzee akajifuta macho. Akaliweka jiwe kwenye mkoba wake, akafunga kitambaa vizuri kichwani.

"Basi tuoshe," akasema.

Wakamwaga maji yote kwenye mtaro, wakaosha mchanga wote pamoja na chujio, wakaanza upya. Safari hii walikuwa wawili kwenye beseni. Mama Agnès alikuwa na mikono yenye nguvu.

Alirudi Lubudi kabla samaki hawajafika, mvua za kwanza zikimwita shambani. Samaki wenyewe walikuja na basi la Lubumbashi, wadogo, wekundu, ndani ya mfuko wa plastiki uliovimba hewa. Naomie aliuacha mfuko uelee juu ya maji hadi joto likalingana, akaongeza maji ya tangi kidogo kidogo, kisha akawaachilia. Walijibana pembeni. Baadaye mmoja akatoka, akafuata chembe ya chakula, akaimeza. Wengine wakamfuata.

Naomie aliwatazama kwa muda mrefu. Kisha akampigia mama Agnès.

"Bamefika, mama. Beko bazima."

"Tumushukuru Mungu. Na we, ulikula?"

Naomie alitazama jikoni. "Bado."

"Enda ukule, mwana. Mi ningali ku simu."

Akaweka simu mezani bila kuikata, akaenda kuteleka maji ya bukari, ugali wake.