Leso ya Shangazi Wakesho

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeajiriwa kwenye maabara ya saikolojia, na wa kwanza kwenye foleni alikuwa Shangazi Wakesho, dada wa baba. Tangu amzike mumewe, shangazi hajui usingizi. Alikuwa amekuja kujaribiwa dawa.

Mlangoni alisimama mbuzi beberu aliyevaa tai.

"Mimi ndiye nadharia tete," akasema. "Nadai dawa hii inalaza watu. Tafadhali nipigeni. Nikibaki nimesimama, mtaniamini kwa leo."

Sijawahi kuona beberu mnyenyekevu namna ile. Nikamheshimu papo hapo.

Ndani, bakuli la kura linagawa watu: huku dawa ya kweli, huku kundi linganishi, wanaopewa kidonge cha unga wa muhogo. Nikaliinamia, nikanong'ona, "Huyo ni shangazi yangu. Mpe ya kweli."

"Kila mtu hapa ni shangazi wa mtu," bakuli likajibu, likaendelea kujitikisa.

Nikanyoosha shingo nichungulie kura yake. Shangazi akaniona.

"Mghoi, mwanangu, acha hiyo. Mkinipendelea, mtajuaje kama dawa inafanya kazi? Na wenzangu wasiolala utawaambia nini?"

Akavua leso yake mabegani, akanifunga macho kwa fundo lile la kubebea mtoto. "Utafiti huu ni pofu. Mimi sijui ninachomeza, na wewe usijue."

Machozi yakalowesha leso. Macho yake mekundu kwa kukesha, na bado anawawazia watu asiowajua! Nilimpenda mpaka nikaona aibu.

Ghafla maabara ni jikoni kwake, Wundanyi. Namsikia akimeza. Nje beberu anapigwa, anashukuru kila pigo.

"Shangazi, ilikuwa dawa au muhogo?"

"Shh," linasema bakuli.

Niliamka kwenye giza, nikadhani bado ni usiku. Nikapapasa uso: nimefungwa kitambaa. Nilipokifungua, jua lilikuwa limejaa chumbani.

Nikapiga simu Wundanyi. Akapokea Mkamburi, binti wa shangazi.

"Mama amelala," akanong'ona. "Tangu jana jioni, Mghoi! Hata jogoo nimempeleka kwa jirani."

Nililia tu, kwa furaha.

"Ila leso yake siioni," akaendelea. "Alilala nayo mabegani. Nimetafuta mpaka chini ya kitanda."

Nikaitazama pale magotini, bado imelowa.

"Usiitafute," nikamwambia. "Nitaileta."